Mguu Wangu Ni Mzima Nikiwa Chini ya Maji Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana wenzangu wanaokuandikia wanatafuta wachumba au wanatafuta namna ya kuachana nao, mimi natafuta daktari, na nimemtafuta mpaka soli za viatu zimeisha, kila ninayemuuliza ananitazama kama mtu aliyeulizia duka la kuuza mvua.

Mimi ni mpiga mbizi. Si wale wa kuwaonyesha wageni samaki, la, mimi ni wa kazi, nasugua matumbo ya meli, naondoa nyavu zilizojisokota kwenye propela, nachomelea vyuma vya gati kule ambako mwanga haufiki, hewa naletewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyoko juu ya boti, na kiunoni nina kamba ambayo mwisho wake ameushika shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na yeye ndiye mshika kamba wangu tangu nywele zetu sote zikiwa nyeusi. Huko chini hakuna maneno, nikivuta mara moja anajua niko salama, nikivuta mfululizo anajua mambo yameharibika, ndiyo mazungumzo yetu, na nikikwambia ukweli mshauri, ndiyo mazungumzo niliyoyazoea kuliko haya ya mdomo, kwa hiyo ukiona barua yangu inarukaruka unisamehe.

Sheria yetu ni kwamba ukitoka chini unapanda kwa vituo, unasimama, unangoja mwili uzoee, ndipo unapanda tena. Siku iliyoniharibu kulikuwa na meli inataka kung'oa nanga, nahodha anafoka, tajiri wetu anafoka zaidi ya nahodha, nikapanda moja kwa moja. Jioni bega likaanza kuuma kwa ndani, na mguu wa kushoto ukafa ganzi kuanzia pajani. Sasa sisi wapiga mbizi tuna utaratibu wetu, mtu akipanda na maumivu hatumpeleki popote, tunamrudisha chini, tunasema tunakwenda kuyazamisha, na kweli ukifika chini yanakwisha kama mtu amezima taa, na wapo ambao hayakuwarudia tena. Na tuna utaratibu wa pili, ukienda hospitali husemi kazi yako, ukiulizwa umepatwa na nini unasema umeteleza, maana tajiri akisikia fulani ameumwa na maji hamwiti tena kazini, kwa hiyo gati zima limejaa watu walioteleza.

Mimi walinirudisha chini, maumivu yakaisha, nikapanda, yakarudi, na tangu hapo ndivyo ninavyoishi. Juu mguu ni mzito, nikikanyaga sakafu sijui kama ni ya baridi au ya moto, ndala inanitoka njiani na mimi naendelea na safari mpaka watu waniite, hata haja ndogo siku hizi inakuja kwa kubembelezwa, na hilo nimeliandika kwa aibu. Chini nakuwa mzima. Imefika mahali siku isiyo ya kazi namwomba shemeji anishushe hivi hivi, nakwenda kukaa kwenye nguzo za gati, sifanyi kitu, samaki wanapita, mguu wangu unakuwa wangu tena, vidole vyote vitano vinanisikia, na ninalia kwa raha ndani ya miwani ya kupigia mbizi, jambo ambalo huku juu sijalifanya tangu nilipomzika baba. Kisha shemeji anavuta kamba kuniuliza kama niko salama, nami navuta mara moja, naongopa.

Madaktari nimewaona. Wa mifupa aliniuliza imekuwaje, nikasema nimeteleza, akapiga picha ya mguu, akasema mfupa haujavunjika, akanipa dawa ya kuchua. Wa neva akaniuliza kazi yangu, nikasema fundi wa kuchomelea, ambayo si uongo wote, akasema nimeinama sana, nifanye mazoezi. Wa tatu akasema ni mawazo, nipate mtu wa kuongea naye, nikatoka nje nikacheka peke yangu kwenye korido mpaka mfagiaji akaniuliza kama niko sawa. Halafu siku moja baharia wa meli ya mbali, ambayo tumbo lake nilikuwa nimelisugua, aliniona nikiburuta mguu kwenye gati, akaniambia kwamba kwao wapo madaktari waliosomea magonjwa ya watu wa chini ya maji hasa, wana chumba cha chuma, wanakuingiza humo, wanagandamiza hewa mpaka mwili unaamini umeshuka, unavutishwa oksijeni, kisha wanakupandisha polepole ukiwa umelala kwenye shuka safi. Mshauri, niliposikia kwamba mtu anaweza kushuka akiwa kitandani, nilimshika yule baharia mkono nikakaa nao muda mrefu mpaka akaanza kuutoa kwa adabu.

Nikaenda hospitali kubwa, nikamwambia dada wa mapokezi natafuta daktari wa wapiga mbizi.

"Mgonjwa anaumwa nini?"

"Mguu."

"Basi mifupa. Kaa benchi lile."

Nikakaa benchi lile, nikaingia, nikamkuta daktari yule yule, akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Mzee, umeteleza tena?" Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo, mdomo ulijisemea wenyewe.

Sasa nakuja kwa mama watoto, maana huko ndiko kunakoniumiza zaidi. Watoto wamekua, wameondoka, tumebaki wawili na vyumba vitatu, na yeye amehamia kwenye chumba cha wasichana, anasema kitanda kile kinamfaa mgongo. Anaamini nina mwanamke. Simlaumu, mume anatoka siku za mapumziko, anarudi amelowa nywele, macho mekundu, ananukia sabuni ya kuogea ya gatini, na akimuuliza kaka yake, kaka yake anasema hajui, naye anajua kabisa kwamba kaka yake hajawahi kutojua kitu. Juzi tulikuwa mezani, akaniambia bila hata kuinua sauti, "Kama yupo, mlete nimwone. Nimechoka kushindana na mtu nisiyemjua." Nikaendelea kula. Ningesema nini, kwamba mpinzani wake ni nguzo ya gati?

Lakini lililomfunga moyo si hilo, ni msiba. Mama mkwe alifariki, kwao ni juu milimani, tukapanda kwa basi, na mimi jana yake nilikuwa nimeshuka majini. Kadiri tulivyopanda ndivyo mguu ulivyokuwa ukiwaka, tulipofika kileleni nilikuwa siwezi kusimama wala kukaa, nikatafuta gari la kushuka nikaondoka, na yule mama hajazikwa, yule mama aliyekuwa akiniita mwanangu kabla mwanawe hajaniita mume. Nilipofika chini maumivu yakapungua, nikarudi nyumbani nikajifungia. Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akasema tu, "Uliondoka mama yangu yuko ndani ya nyumba." Mpaka leo sijamjibu. Zamani alikuwa akinisihi niache kazi hii, nami nilimjibu kwamba mwanamke hajui maji, kwa hiyo sasa nitaanzaje kumwambia kwamba yeye ndiye aliyejua?

Ninachokuomba ni hiki. Wiki ijayo tuna kazi ya bwawa huko huko milimani, malango ya maji yameziba, na kina chake ni kirefu kuliko gati letu. Wenzangu wanasema kina kirefu ndiyo dawa yenyewe, kwamba maumivu yangu yanarudi kwa sababu nimekuwa nikiyazamisha kwenye maji mafupi, nikienda kule chini kabisa yatabaki huko. Nimekubali kwenda. Ila usiku nikiwa peke yangu kwenye kitanda kile kipana namkumbuka yule baharia. Nisaidie kumpata daktari huyo kama yupo, na kama hayupo niambie hayupo ili niende bwawani roho ikiwa imetulia. Namba yangu iko nyuma ya bahasha, piga mchana, mchana nakuwa gatini.

Ni mimi,
Mtu wa Chini


MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu Mtu wa Chini,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonifanya nishike simu. Nimeomba iruke foleni ya wenzako wa wachumba ili uipate kabla ya safari yenu.

Tuanze na bwawa. Huendi. Sisemi fikiria, sisemi shauriana na wenzako, maana hao ndio waliokufikisha hapa. Nasema huendi.

Daktari wako yupo. Kumpata kumenitia adabu, nakiri. Nilipiga hospitali hiyo kubwa, wakanipa daktari wa masikio, akanisikiliza vizuri akasema si yeye. Wa mapafu akanielekeza kwa wa moyo, na wa moyo yuko likizo. Nikarudi mapokezi, dada wa mapokezi akaanza kunitambua kwa sauti na akawa hafurahi. Mwishowe, nadhani kwa kunichoka tu, aliniunganisha na wodi ya vidonda, kwa sababu alikumbuka kwamba huko kuna chumba fulani cha chuma. Akapokea mama mmoja. Nikaeleza kwa mara ya sita siku hiyo. Akasema, "Ni mimi."

Amesomea jambo hilo hasa, tiba ya hewa iliyogandamizwa na magonjwa ya watu wanaofanya kazi chini ya maji. Chumba ni hicho alichokusimulia baharia wako, na siku hizi anakitumia kwa wagonjwa wa kisukari ambao vidonda vyao vimegoma kufunga. Nikamuuliza wapiga mbizi wako wapi. Akasema, "Swali hilo mimi ndiye wa kuuliza. Dirisha langu linatazama bandari. Nazihesabu meli, najua kuna watu chini yake, na tangu nije hapa hakuna hata mmoja aliyebisha hodi." Nikamweleza kwamba ninyi nyote mmeteleza. Akasema basi amewaona wengi wenu wakipita, wanakwenda benchi la mifupa, na benchi lenyewe liko ukuta wa pili kutoka mlango wake. Umekaa pale, kaka yangu, umempa mgongo mtu uliyekuwa unamtafuta, na yeye ndani amekaa anakungoja bila kujua jina lako. Nilisikitika kwa ajili yenu wote wawili.

Sasa sikiliza alichosema, nami nakuandikia kama nilivyoandika alipokuwa akiongea. Unapokuwa chini, hewa unayovuta inaingia mwilini na kujificha humo. Ukipanda haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanakwenda kukaa kwenye viungo na kwenye uti wa mgongo. Ukirudi chini yanasinyaa, ndiyo maana unajiona umepona. Lakini hujapona, kwa sababu ukiwa huko unaendelea kuvuta hewa ile ile ya kompresa, unaongeza kile unachotaka kukipunguza, halafu unapanda nacho. Yale mapumziko yako ya kwenye nguzo ndiyo yanayokumaliza. Alipofika kwenye haja ndogo sauti yake ilibadilika. Alisema hiyo si aibu, hiyo ni dalili ya uti wa mgongo, na ulipaswa kuianza barua nayo badala ya kuificha katikati.

Nilipomtajia kwamba bwawa liko milimani, nilisikia kiti kikisogea. Alisema kwenye miinuko hewa ni nyepesi, na mapovu yaliyo mwilini yanavimba, hata bila kugusa maji, hata ukiwa umekaa kwenye basi. Kwa hiyo kina kirefu, tena juu ya mlima, tena na mguu huo, maana yake ni kwamba unaweza usirudi, au ukarudi umebebwa. Wenzako wanaosema ndiyo dawa wanakupenda, sina shaka, lakini mapenzi yao hayajasomea udaktari. Na wewe shemeji, ambaye najua utasomewa ukurasa huu, ukiombwa tena kumshusha "hivi hivi" kataa, na dada yako akikuuliza kitu mjibu. Uongo wa kiume umemgharimu dada yako usingizi.

Na hapo ndipo ule msiba ulipopata jibu. Jana yake ulikuwa majini, kesho yake ukapandishwa kileleni. Hukumkimbia mama mkwe. Mguu uliokuwa ukiwaka ulikuwa ukikwambia jambo la kweli, wewe hukuwa na wa kumwambia. Sasa unaye, mkeo, tena yuko chumba cha pili, na anastahili kusikia sababu hii kutoka kwako kabla hajaisikia kwa daktari. Na lile jibu lako kwamba mwanamke hajui maji, hilo nalo ulirudishe kwa heshima. Aliyejua ni yeye, na anayekwenda kukutibu ni mwanamke pia, kwa hiyo jizoeshe.

Sitakusomea methali ya mficha maradhi, uliimaliza shuleni. Nakupa kazi. Ukiingia kwa daktari yeyote, sentensi yako ya kwanza iwe "Mimi ni mpiga mbizi," kabla ya salamu ukipenda. Hili ni kwa wote mnaosugua matumbo ya meli mahali popote: ulizeni hospitali yenu wapi kuna chumba cha hewa ya mgandamizo, na wasipojua, ulizeni wanakotibiwa wenye vidonda vya kisukari, au ulizeni wanamaji wa jeshi wao hutibiwa wapi. Maumivu yakianza mkiwa mmetoka majini, nendeni saa hiyo hiyo, na njiani mpewe oksijeni kama ipo. Msirudi chini. Wewe umechelewa, na daktari hakunificha, anasema hawezi kukuahidi mguu wote, na bega anataka kulipiga picha kwa sababu mfupa wenyewe unaweza kuwa umeanza kufa. Lakini amesema waliochelewa kama wewe wapo waliopata nafuu kubwa, na kwamba Jumatatu asubuhi hatapanga mgonjwa mwingine mpaka ufike. Haja ikigoma kabisa kabla ya hapo, au mguu wa pili ukianza, usingoje Jumatatu, nenda dharura ukawatajie jina lake. Jina na wodi nimeviandika kwenye bahasha, nimeiacha hapa mapokezi ya gazeti, sema tu umetumwa na Mtu wa Chini.

Ana sharti moja. Hakuoni peke yako. Anataka mtu anayeishi na wewe, kwa sababu mgonjwa wa namna yako hajui tena anatembeaje, anaamkaje, amekuwa mkali lini, na anayejua ni yule anayemtazama kila siku. Nilimwambia mke wako amehamia chumba kingine, pengine hajui kitu. Hapo nilikosea, na nitakwambia nilijuaje.

Ulisema nipige mchana. Nilipiga mchana. Kumbe siku hiyo simu uliiacha nyumbani, ikapokelewa na mwanamke. Barua za watu kwangu ni siri, sikuweza kusema mimi ni nani wala nataka nini, nikabaki nimeshika simu kama mwizi aliyeshikwa. Akasema haloo mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Dada, kama ni wewe, mimi sina ugomvi tena. Niambie kitu kimoja tu. Akiwa huko kwako, ule mguu unamuuma hivi hivi, au anauficha na kwako pia?"

Nilikata simu. Swali hilo halikuwa langu kulijibu. Nenda kalijibu leo, na Jumatatu mwende wote wawili.